Mtoto, Siri na Wajibu: Dhana za Msingi katika Kumkinga Mtoto na Madhara, kwa Mfano wa Masasi na Newala

IKISIRI

Makala haya yanachunguza dhana tano za msingi zinazotawala mjadala wa kumkinga mtoto na madhara: kinga, mtoto, madhara, siri na wajibu. Eneo la mfano ni Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako jando na unyago vimekuwa kwa muda mrefu chuo kikuu cha malezi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuzungumzia usalama wa mtoto. Tatizo ni kwamba maneno yale yale hubeba maana moja katika sheria na maana nyingine katika malezi ya jadi, na ni katika pengo lililo kati ya maana hizo ambamo mtoto hudhurika bila kutetewa. Makala yanapendekeza namna ya kuyatumia maneno hayo kwa uangalifu zaidi, hususan neno “siri”.

1.0 UTANGULIZI

Tangu Umoja wa Mataifa upitishe Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na Tanzania kuuridhia mwaka 1991, Kiswahili kimebebeshwa msamiati mpana unaohusu usalama wa watoto. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, uliongeza msamiati huo. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, na baadaye Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, maarufu kwa jina la MTAKUWWA. Istilahi kama “ulinzi wa mtoto”, “ukatili”, “utelekezaji” na “maslahi bora ya mtoto” zimeingia katika semina, vituo vya polisi, shule na ofisi za ustawi wa jamii.

Sheria hiyo ya mwaka 2009 iliandikwa kwa Kiingereza, lakini watekelezaji wake walilazimika kuieleza kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo swali la maana ya maneno haya limeacha kuwa la wanaisimu peke yao. Shahidi akisema mbele ya hakimu kwamba binti “alikuwa ameshakuwa mkubwa”, hatima ya kesi yaweza kutegemea namna neno “mkubwa” linavyoeleweka.

Aghalabu wanaojadili suala hili hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza huuona unyago kuwa ndio chanzo cha mimba na ndoa za utotoni, na hutaka ufutwe. Kundi la pili huuona kuwa urithi wa utamaduni, na huona kila ukosoaji kuwa ni dharau. Pande zote mbili huuchukulia unyago kuwa kitu kimoja kisichogawanyika, ambacho ama kikubaliwe chote au kikataliwe chote. Makala haya yanafuata njia nyingine: yanachambua dhana moja baada ya nyingine na kuuliza kila dhana inamfanyia nini mtoto.

2.0 ENEO NA HISTORIA YAKE

Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi huporomoka ghafla kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Wakazi wa Newala ni Wamakonde kwa sehemu kubwa, ilhali Masasi ni makutano ya Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera. Jadi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ni ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na jambo hili lina uzito katika suala la nani anawajibika kwa mtoto, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 3.5.

Maandishi kuhusu malezi ya eneo hili ni ya muda mrefu. Mwaka 1906 mwanaethnolojia wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Masasi na Newala, akaandika kwa kirefu juu ya unyago katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908. Lyndon Harries, ambaye wasomi wa Kiswahili humfahamu zaidi kwa kazi yake juu ya ushairi, alichapisha mwaka 1944 maelezo juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Naye Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1972, alichunguza namna misheni ya Masasi ilivyojaribu kulifanya jando kuwa la Kikristo.

Miongoni mwa yaliyoandikwa na Weule imo ngano ya asili ya Wamakonde ambayo inahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Inasimuliwa kwamba hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini karibu na Mahuta. Alichonga mti kwa sura ya mwanamke, akausimamisha kwenye makazi yake, na usiku ule sanamu ikawa mwanamke hai. Walishuka Ruvuma, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia upande wa bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu uwandani Mahuta, mtoto wa tatu akazaliwa hai na akakua. Ndipo wazee wakawausia watoto wao wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye maradhi na kifo, bali wajenge mbali na maji ili watoto wao wapate kukua.

Kwa mujibu wa ngano hii, jamii nzima ilikubali taabu ya kuteka maji mbali, taabu ambayo wanawake wa uwandani waliibeba kwa vizazi vingi, kwa sababu moja tu: uhai wa mtoto. Dhana ya kumkinga mtoto, basi, haikuletwa Newala na semina. Imo katika maelezo ambayo watu wenyewe walitoa juu ya mahali wanapoishi.

Historia ya Masasi inaongeza sura nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yule aliyetunga kitabu mashuhuri cha kufundishia Kiswahili, aliwaleta Masasi watumwa waliokombolewa kutoka Unguja na kuanzisha kijiji. Wengi wa waliokombolewa katika zama hizo walitekwa wangali watoto. Simulizi za wavulana wa aina hiyo, waliokuwa wakisoma Kiungani, Unguja, zilikusanywa na A. C. Madan, mwanakamusi wa Kiswahili, na kuchapishwa mwaka 1887. Simulizi hizo zinafaa kusomwa na kila anayejifunza historia ya mtoto katika Afrika Mashariki, kwani ndani yake mtoto mwenyewe ndiye anayesema yaliyompata.

3.0 UCHAMBUZI WA DHANA

3.1 Kinga, Ulinzi na Hifadhi

Istilahi iliyoenea zaidi hivi sasa ni “ulinzi wa mtoto”. Mzizi wake ni kitenzi “linda”. Mkulima wa Newala hulinda mtama usiliwe na ndege, na mahindi yasiharibiwe na nguruwe. Mara nyingi mtoto ndiye anayepewa kazi hiyo. Katika matumizi haya yote adui yuko nje na anayelindwa yuko ndani. Taswira hii inafaa pale ambapo hatari inatoka kwa mgeni. Hata hivyo, tafiti za ukatili dhidi ya watoto huonyesha kwamba mtenda mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu: jirani, ndugu, mwalimu, mchumba. Kiswahili chenyewe kimeshaonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Dhana ya ulinzi, ikitumiwa peke yake, huelekeza macho mlangoni ilhali mwizi ameketi jikoni.

“Hifadhi” ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake inakwenda kwenye kutunza kitu kisipotee wala kuharibika. Neno hili hufaa zaidi kwa mtoto ambaye tayari amedhurika na anahitaji mahali salama. “Kinga” ni tofauti na maneno yote mawili. Kukinga ni kutangulia. Ni kuweka kizuizi kabla ya jambo kutokea. Wahenga waliposema kinga ni bora kuliko tiba, walitenganisha hatua mbili ambazo sera za kisasa nazo hutaka zitenganishwe. Hatua ya kwanza ni mpangilio wa kudumu unaopunguza uwezekano wa madhara kwa watoto wote. Hatua ya pili ni kumwokoa mtoto mahsusi ambaye madhara yameshamfika au yanamkabili.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao: kinga kwa mpangilio wa awali, ulinzi kwa hatua zinazochukuliwa dhidi ya hatari inayojulikana, na hifadhi kwa matunzo ya mtoto aliyedhurika. Ngano ya Mahuta ni ngano ya kinga: familia ilibadilisha mahali pa kuishi, haikungoja mtoto wa tatu afe.

3.2 Mtoto: Miaka au Hatua?

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kipimo cha sheria ni miaka. Kipimo cha jadi ya Masasi na Newala ni hatua. Aliyechezwa unyago au aliyetoka jandoni amevuka; hutarajiwa kuzungumza, kuketi na kuamkia kama mtu mzima, na mara nyingine hupewa jina jipya. Baada ya hapo kumwita “mtoto” kwaweza kuwa ni kumtukana.

Vipimo hivi viwili vingeweza kukaa pamoja bila madhara kama hatua ingefikiwa karibu na miaka 18. Lakini sivyo. Wapo watoto wanaochezwa wakiwa bado katika madarasa ya chini ya shule ya msingi, kwa kuwa sherehe zimelazimika kufuata likizo za shule na uwezo wa wazazi wa kuzigharimia. Matokeo yake ni kwamba msichana mmoja wa miaka 12 huwa mtoto darasani na mkubwa nyumbani kwa siku moja. Pengo lililo kati ya umri huo na miaka 18 ndilo eneo la hatari kubwa kuliko yote. Ndani ya pengo hilo mwanamume anayemtongoza anaweza kujitetea kwa neno ambalo majirani wote wanalitambua kuwa ni la kweli: “ameshakuwa mkubwa”.

Ni haki kueleza kwamba sheria za nchi nazo zimekuwa na ndimi mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, na ikaruhusu mahakama kutoa idhini kuanzia miaka 14. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilitamka kwamba ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 si utetezi katika shitaka la ubakaji, lakini ikamwacha nje mke aliyefikia miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilikuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwezi Oktoba 2019. Hukumu hizo zilikataa wazo kwamba msichana huacha utoto mapema kuliko mvulana. Wazo hilo halikuwa la unyago peke yake; lilikuwa limo katika kitabu cha sheria pia.

Njia ya kutokea inapatikana ndani ya lugha. Kiswahili kina neno “mwali”, ambalo halimaanishi mtoto mdogo wala mtu mzima. Ni aliye chini ya uangalizi, anayefundwa. Iwapo hali ya uali ingeeleweka kuwa inaendelea hadi miaka 18, badala ya kumalizika siku ya kutolewa ndani, hatua na miaka vingepatana. Aliyechezwa angekuwa amevuka kweli, lakini amevuka kuingia katika ulezi mwingine.

3.3 Madhara: Kati ya Adabu na Adhabu

Sheria ya Mtoto inaeleza unyanyasaji wa mtoto kuwa ni ukiukaji wa haki zake unaosababisha madhara ya kimwili, kimaadili au kihisia, ikiwa ni pamoja na kipigo, matusi, ubaguzi, kutelekezwa, unyanyasaji wa kingono na kazi za kinyonyaji. Kifungu cha 13 kinakataza pia desturi zinazomdhalilisha mtoto au kumdhuru mwilini au akilini. Upana wa maelezo haya ni muhimu, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida neno “madhara” huishia kwenye jeraha linaloonekana.

Ugumu mkubwa uko katika kipigo. “Adabu” na “adhabu” ni maneno mawili yenye asili tofauti katika Kiarabu: la kwanza linahusu mwenendo mwema na malezi, la pili linahusu mateso. Ukaribu wa sauti zake katika Kiswahili umeyafanya yakaribiane hata katika fikra, kiasi kwamba “kumtia adabu” mtoto huwa ni kumchapa. Methali mbili zinazopendwa sana na walezi huimarisha jambo hili: samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kukunja si kuvunja. Mkunja samaki ana haja ya samaki mzima.

Sheria haikuifuta fimbo. Kanuni za mwaka 2002 ziliiruhusu shuleni kwa idadi isiyozidi viboko vinne na kwa masharti, na Sheria ya Mtoto imekataza urekebishaji usiolingana na umri na hali ya mtoto. Mpaka ulioachwa namna hii huamuliwa na mkono wa mwenye fimbo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono katika umri huo. Takwimu hizi ni za taifa zima, na haifai kuzichukua kuwa ni za wilaya yoyote mahsusi.

Inafaa pia kutahadhari na hukumu za kuazima. Ukeketaji, ambao umepigwa vita Mara, Manyara na Dodoma, si sehemu ya unyago wa Masasi na Newala. Anayefika huko akihubiri dhidi ya ukeketaji anawahutubia watu juu ya kosa lisilo lao, na wao humwona kuwa hawajui. Madhara ya kuulizia huku ni mengine: umri mdogo wa wanaochezwa, mafunzo ya unyumba yasiyolingana na umri huo, usafi wa kisu jandoni, kipigo cha kuwatisha wali, na siku za masomo zinazopotea.

Msamiati wenyewe unaonyesha jinsi mpaka kati ya malezi na madhara ulivyo mwembamba. Katika Kiswahili cha Mtwara, “kuchezwa” ni kupitishwa unyagoni, jambo la heshima. “Kuchezewa” ni kutendewa uovu wa kingono. Tofauti ya kisarufi ni kiambishi kimoja tu cha kauli ya kutendea. Tofauti ya maana ni maisha ya mtoto. Aidha, “kuchezewa” ni neno la tafsida lenye kasoro: mzizi wake ni wa mchezo, na hulipunguzia kosa uzito wake.

Kasoro kubwa zaidi iko katika vitenzi vya mimba na ndoa. Sentensi ya kawaida katika barua za shule na maongezi ya kijijini ni “mwanafunzi amepata mimba”. Kiima ni msichana, kitenzi ni cha kutenda, na mwanamume hayumo kabisa. Ndiyo sarufi iliyoambatana na zama ambazo msichana mjamzito alifukuzwa shule kwa kosa la maadili. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalimwelekezea kidole mwanamume kwa adhabu ya miaka 30 jela, na mwaka 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Lugha haijafuata mwendo huo. “Ametiwa mimba” ni sahihi zaidi, kwani kauli ya kutendwa humlazimisha msikilizaji kuuliza: na nani?

Vivyo hivyo, “ameolewa” huwataja wawili tu, anayeoa na anayeolewa. “Ameozwa” humwingiza mtu wa tatu, aliyeamua: baba, mjomba au mlezi. Kwa msichana wa miaka 14 kitenzi kinachosema kweli ni cha pili. Mwandishi wa ripoti, mwalimu au karani anayechagua kitenzi anachagua pia nani ataulizwa maswali.

3.4 Siri

Hakuna dhana iliyo nyeti katika eneo hili kuliko siri. Mwali hufundishwa kwamba ya ndani hayasemwi nje, wala hayasimuliwi kwa ambaye hajachezwa. Siri hii ina kazi yake. Huyapa mafunzo uzito, huwafunga pamoja waliopita njia moja, na humfundisha kijana kuuzuia ulimi wake. Jamii isiyo na siri yoyote haina pia faragha.

Hata hivyo, mtoto wa miaka 8 au 10 aliyetishwa kwamba atapatwa na balaa akisema, hana uwezo wa kubagua siri na siri. Akidhurika ndani ya kambi ya jando, au baadaye na mtu anayemwambia “hii ni siri yetu”, neno lile lile humfunga mdomo. Mkosaji hahitaji kuvumbua tishio jipya. Huazima lile lililokwisha kutolewa na watu ambao mtoto anawaheshimu. Hapa ndipo mafunzo mema yanapogeuka silaha mkononi mwa mwovu bila waliofundisha kukusudia.

Ni lazima, basi, aina tatu za siri zitenganishwe. Ya kwanza ni siri ya mafunzo, ambayo ni mali ya jamii na haina madhara kwa mtu. Ya pili ni stara, yaani kumsitiri mtoto aliyedhurika ili jina na habari zake zisienee. Hii ni haki yake, na mahakama, hospitali na ofisi ya ustawi wa jamii zinatakiwa kuizingatia. Ya tatu ni ufichaji, yaani kumfunika aliyetenda. Jina la tatu hili halistahili kuwa siri kabisa. Lakini kwa kuwa katika mazungumzo yote matatu huitwa siri, wazee wanaoficha uovu hupata heshima inayowastahili wanaotunza mafunzo, na afisa anayetaka habari huonekana kama mvunja miiko.

Kipimo cha kuzibagua ni swali moja: siri hii inamkinga nani? Ikiwa inamkinga mtoto, ni stara. Ikiwa inamkinga mkubwa dhidi ya mtoto, ni ufichaji. Kiswahili kina methali kwa pande zote mbili. Funika kombe mwanaharamu apite huwafaa wanaotaka mambo yapoe. Mficha maradhi kifo humuumbua huwafaa wanaotaka mtoto apone. Makungwi na manyakanga ndio wenye nafasi bora ya kuufundisha mgawanyo huu, kwa sababu wao ndio wanaofundisha siri. Sentensi moja ikiongezwa katika mafunzo, kwamba maumivu ya mwili wako si siri ya mtu yeyote, haingevunja mwiko wowote wa unyago. Ingeuondolea mkosaji silaha yake.

3.5 Wajibu: Mzazi, Mjomba, Somo na Jirani

Sheria ya Mtoto inaanza wajibu kwa mzazi. Kifungu cha 94 kinaikabidhi serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye habari za kukiukwa kwa haki za mtoto kuzipeleka kwa serikali hiyo. Mpango wa MTAKUWWA uliunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba ya simu ya bure ya 116 kwa ajili ya watoto.

Katika jadi ya kufuata ukoo wa mama, mwenye neno la mwisho juu ya mtoto alikuwa mjomba. Nguvu ya mjomba imepungua kutokana na Uislamu, Ukristo, sheria za nchi na uchumi wa korosho unaomtaka baba awarithishe wanawe mikorosho yake. Lakini haikukabidhiwa kwa mwingine kwa ukamilifu. Mtoto aliyeachwa na baba katika ukoo wa jadi alikuwa bado na mjomba. Leo aweza kukosa wote wawili, akabaki kwa bibi. Anayetafuta mlezi wa mtoto aliyedhurika, akiuliza tu “baba yako ni nani?”, ataupata mlango mmoja kati ya miwili.

Kizuizi kikubwa cha wajibu ni tabia ya “kuyamaliza nyumbani”. Familia mbili hukutana, mkosaji hutoa fedha au huahidi kuoa, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Wanaofanya hivyo hawaoni kuwa wanapuuza haki; kwa mtazamo wao wamerudisha amani kati ya koo. Lakini katika hesabu hiyo aliyelipwa ni mzazi, aliyesamehewa ni mkosaji, na mtoto hakuulizwa. Kosa la jinai dhidi ya mtoto haliwezi kuwa deni kati ya wakubwa.

Kwa upande mwingine, jadi ina cheo ambacho sheria haina: somo. Somo ni mtu mzima aliyekabidhiwa mwali, na uhusiano wao haukatiki siku ya sherehe. Kila mpango wa kumkinga mtoto hutafuta mtu mmoja mwaminifu ambaye mtoto anaweza kumwendea. Masasi na Newala wanaye mtu huyo tayari, tena mwenye jina na heshima. Kinachokosekana ni kumwelekeza kwamba wajibu wake haumaliziki kwenye kufunda. Anapaswa pia kusikiliza, na akisikia habari za madhara azifikishe kwa kamati ya kijiji badala ya kuzipeleka kwenye kikao cha koo. Ni lazima somo naye awajibike, kwani cheo chochote kinachompa mtu mzima faragha na mtoto chaweza kutumiwa vibaya.

4.0 JANDO LA MASASI KAMA FUNZO

Wapo watakaosema kwamba mila haibadiliki. Historia ya Masasi inawajibu. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alijaribu kulihifadhi jando kwa kulitia sura ya Kikristo. Sehemu zilizoonekana kupingana na imani ziliondolewa au kubadilishwa, sala zikatiwa, na wazee wakashirikishwa. Ranger ameonyesha kwamba jaribio hilo halikuwa jambo la askofu peke yake. Wakristo Waafrika wa Masasi walikuwa na mawazo na maslahi yao, nao ndio walioamua kwa vitendo nini kibaki na nini kiondoke.

Jaribio hilo lilipima desturi kwa mizani ya imani. Mizani ya madhara kwa mtoto ni nyingine, na yaweza kutumiwa na Mkristo, Mwislamu na asiye na dini hizo. Hata hivyo mafunzo mawili yanabaki. Kwanza, jando na unyago vina sehemu nyingi, na sehemu moja yaweza kuondolewa bila jengo zima kuanguka. Pili, badiliko lililodumu ni lile lililobebwa na wazee wenyewe. Kuhamishiwa kwa sherehe kwenye likizo za shule ni mfano wa karibu zaidi: kalenda ya unyago imekubali kuifuata kalenda ya shule. Ikiwa siku zinaweza kubadilika, umri nao unaweza kubadilika.

5.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba dhana za msingi za kumkinga mtoto zina makao katika Kiswahili na katika jadi za Masasi na Newala, lakini zimegawanyika ndani yake zenyewe. Mtoto ni miaka na pia ni hatua. Adabu ni malezi na pia ni fimbo. Siri ni mafunzo, ni stara na pia ni ufichaji. Wajibu ni wa mzazi, wa mjomba, wa somo na wa kila mwenye habari. Mkosaji hunufaika kila mara maana hizi zinapochanganywa.

Kazi ya wataalamu wa Kiswahili katika jambo hili ni ya vitendo. Wanaotafsiri sheria, wanaoandaa vitabu vya mafunzo na wanaofundisha makarani wa mahakama wanapaswa kuchagua “ametiwa mimba” na “ameozwa” pale ambapo hayo ndiyo yaliyotokea. Kutenganisha kinga na ulinzi. Na kukataa kuuita ufichaji kwa jina la siri. Utafiti zaidi unahitajika katika Kimakonde, Kimakua na Kiyao, kwani mtoto aliyeumizwa huanza kusema kwa lugha ya nyumbani kwake, na tafsiri ya neno lake la kwanza ndiyo inayoamua iwapo atasikilizwa.

Wazee wa ngano ya Mahuta waliona kwamba bonde linaua watoto. Hawakumlaumu mama aliyezaa wafu, wala hawakusema kwamba kukaa mtoni ni desturi yao. Walihama.